Mvua Iliyofichwa Malagarasi

Risasi ilipasua kioo cha pembeni cha pikipiki.

Asmahani hakugeuka. Alilala juu ya tangi la Yamaha, matope yakimrukia usoni, macho kwenye Land Cruiser nyeupe ya Drummond iliyokuwa ikiteremka kwa kasi kutoka Kibondo. Mvua ilikuwa imeishika milima yote tangu alfajiri.

Redio ilikoroma sikioni.

"Korongo, hapa Kasulu." Alikuwa Nurudini, mkuu wake katika idara ya usalama. "Mitambo ya hali ya hewa inasema huko ni manyunyu tu."

"Imechezewa, mkuu! Drummond ameingiza amri ya siri. Kila kipimo cha mvua kinagawanywa kwa kumi."

"Basi king'ora cha bondeni hakitalia."

"Hakitalia."

Huko bondeni, kando ya Malagarasi, gulio lilikuwa limefurika watu. Mheshimiwa Sylvesta alikuwa jukwaani akiwahubiria kwamba mabadiliko ya tabianchi ni porojo za wataalamu wanaotafuta ulaji. Na mama yake Asmahani, Bi Adija, alikuwa na meza ya vitenge hapo hapo. Simu yake ilikuwa haipokelewi.

Asmahani alichomoa bastola yake ya Glock.

Risasi ya kwanza ilipotea. Ya pili ilipasua tairi la nyuma. Land Cruiser iliyumba, ikasota, ikatumbukia mtaroni.

Drummond alikuwa amebanwa na usukani, damu puani, bastola imemtoka. Mabwana zake wa ng'ambo walimlipa ahakikishe hakuna anayeisadiki sayansi ya hali ya hewa.

"Fungua hiyo tableti," Asmahani alisema.

"Umechelewa." Kiswahili chake kilikuwa safi. "Mafuriko yatakuja, vipimo vitakuwa vimelala. Kesho nani atawaamini wapimaji wenu?"

"Kuna watoto kule!"

Drummond alitabasamu.

Asmahani alimshika mkono, akakikandamiza kidole gumba chake kwenye kioo cha tableti. Ikafunguka. Aliitafuta amri ile. Akaifuta. Akabonyeza kutuma.

Hakuna mtandao.

"Mungu wangu, si sasa hivi!"

Alipanda juu ya paa la gari, akateleza, akapanda tena. Aliinyanyua tableti juu kwa mikono miwili, mvua ikimchapa, akilia bila kujua kwamba analia. Alama ya mtandao ilionekana. Ikapotea. Ikarudi.

*Imetumwa.*

Kwa mbali, king'ora kililia.

Alikaa juu ya paa, akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Na tena, karibu nusu saa.

"Asmahani?" Sauti ilikuwa ya kuhema. "Mwanangu, maji yamebeba vitenge vyangu vyote."

"Uko wapi, mama?"

"Huku juu, shuleni. Tumepanda wote. Jukwaa limekwenda na maji. Hata Mheshimiwa wenu yuko hapa, hana viatu."

Asmahani alifumba macho kidogo. Kisha akashuka, akamfunga Drummond pingu kwenye usukani.

"Watakuja kukuchukua. Usiondoke."

Redio ilikoroma.

"Korongo, Mheshimiwa amepiga simu. Anauliza kama mvua itaendelea."

"Mwambie atazame kipimo."

Alivuta zipu ya koti, akaiwasha Yamaha kwa teke, akashuka taratibu kumfuata mama yake.