Matofali ya Chenga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Robi alibeba ndoo ya maji hadi kwenye uwanja wa kufyatulia matofali na kuyamwagilia yale mabichi. Tofali la saruji lisiponyweshwa maji hupasuka, na haya yalikuwa ya zahanati. Kijiji chao cha Ujamaa kilikuwa nje kidogo ya Bunda, na tangu wahamie pale watu walikuwa wakiisubiri zahanati hiyo kwa hamu. Fundi alikuwa Keraryo, mjomba wake Robi, aliyemlea tangu mama yake afariki.

Asubuhi moja Robi alitaka kusogeza tofali lililokauka. Aliinama, akajikaza, akalivuta kwa nguvu. Nusura aanguke chali. Tofali lilikuwa jepesi mno; hata mtoto wa darasa la kwanza angelibeba.

Robi aliingiwa na hofu. Saruji ilikuwa adimu siku hizo, ililetwa na lori kutoka Musoma, tena kwa kibali. Pale kijijini watu waliamini kwamba tofali likiwa jepesi, fundi ana mkono mrefu.

Mara akasikia sauti nyuma ya kibanda cha zana. Mjomba alikuwa akizungumza na Pastory, fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambulia pamba.

"Tofali hizi za juu ukutani zote ni za chenga," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyekiti asijue kwanza."

"Akijua mapema atakufukuza," Pastory alijibu, akacheka.

Robi alizoea kucheza mpira na wavulana, kwa hiyo chenga aliijua vizuri. Unamdanganya mwenzako aende huku, wewe unapita kule. Basi mjomba amekipiga chenga kijiji kizima.

Darasani siku hiyo hesabu hazikuingia kichwani. Wakati wa mapumziko alishindwa kuvumilia, akamweleza rafiki yake Gati na kumsihi asimwambie mtu. Gati aliapa. Alikuwa rafiki mwema, ila siri kwake ilikuwa maji kwenye tenga.

Jioni Robi alikuta watu wamejaa uwanjani. Mbele yao alisimama Ndugu Magesa, mwenyekiti wa kijiji.

"Fundi, tulikuwaga tunakuamini," alisema. "Tofali hizi mbona nyepesi? Saruji yetu iko wapi?"

"Iko humo humo, Ndugu Mwenyekiti."

"Humo wapi, na umesikika ukisema umetupiga chenga? Kama ni kweli, leo hii unaondoka kijijini."

Robi alijipenyeza hadi mbele. Mjomba akifukuzwa, yeye angebaki na nani?

Keraryo akatikisa kichwa. "Nilisema tofali za chenga. Chenga kama za mchele." Akachukua nyundo, akavunja tofali moja. Ndani mlijaa punje nyeupe.

"Chumvi hiyo," alisema mtu mmoja.

"Sukari," alisema mwingine, na watu wote wakasogea, kwa maana sukari ilikuwa imetoweka kwenye duka la ushirika.

Pastory akaeleza. Mashine mpya ya kiwandani ilikuja imezungushiwa vipande vyeupe vya plastiki iliyojaa hewa, ili isigongwe njiani. Vipande vilikuwa vya kutupwa. Wao walivifikicha vikawa chenga, wakachanganya na saruji na mchanga. "Saruji haijapunguzwa. Na ile hewa inazuia joto, ndiyo maana tumezijengea chumba cha dawa."

"Maneno matupu hayo," alisema Mwenyekiti. Aliagiza tofali liwekwe juu ya mawe mawili, akapanda mwenyewe, na mwili wake haukuwa haba. Tofali halikuvunjika. Hata hivyo aliendelea kulitazama kwa jicho la pembeni.

Mama Marieta, muuguzi, akaingia ndani ya chumba kile cha dawa, kando ya uwanja, ambacho ukuta wake ulikuwa umepigwa na jua mchana kutwa. Aligusa matofali ya chini, yale ya kawaida. Akagusa ya juu.

"Ndugu Mwenyekiti, njoo uguse. Chini panachoma, juu pana ubaridi. Dawa zangu huharibikaga kwa joto. Mimi nazitaka tofali hizi."

Mwenyekiti aligusa, akarudia tena. "Sasa kwa nini ulituficha?" alimuuliza fundi, sauti imelainika.

"Niliogopa mtanicheka kabla hazijakauka."

Robi alishindwa kujizuia, akalia. "Mjomba, mimi ndiye niliyesema."

Keraryo alimtazama kwa uchungu. "Kumbe ulinidhania mwizi, mwanangu. Na tunakula chungu kimoja."

"Nisamehe, mjomba."

Mama Marieta alimshika Robi bega. "Kuilinda mali ya kijiji si kosa. Kosa lako ni kwamba swali lilikuwa la mjomba wako, wewe ukampelekea Gati. Uvumi ni mwepesi kuliko tofali hizi, lakini ukimwangukia mtu unamvunja." Akamgeukia Keraryo. "Na wewe fundi, kazi ya wote ukiifunika, usilalamike watu wakija kunusa."

Keraryo aliinamisha kichwa, akakubali. Kisha akamnyooshea Robi mkono.

"Twende tukale. Kama bado una shaka, niulize njiani."

Robi aliushika mkono ule, na hata kabla hawajafika barabarani alikuwa ameshaanza kuuliza.