Rangi Aliyoichagua Susu

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake na kuianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, Mutheu alikuwa akifuatana na baba yake kwa miguu kutoka mtaa wa Jericho hadi mtaa wa Shauri Moyo, humo humo Nairobi, kumwona nyanya yake. Walimwita Susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Susu aliishi peke yake katika chumba chenye kuta za kijani kilichofifia, rangi ambayo marehemu babu aliichanganya kwa mikono yake kabla Mutheu hajazaliwa. Nje mafundi waligonga mabati kutwa nzima na mikokoteni ilipita ikielekea soko la Gikomba, lakini ukiwa ndani ya chumba kile ungedhani kelele hizo ziko mtaa mwingine. Wakimaliza kula, Susu alijinyoosha kitandani, Mutheu akajilaza kando yake, na wote wawili wakachukuliwa na usingizi mpaka saa ya chai.

Jumamosi hizo zilikoma mwaka ambao Mutheu alitimiza miaka kumi na miwili. Susu aliteleza karibu na bomba la maji akaumia nyonga. Daktari alisema asiishi tena peke yake. Tena presha yake ilikuwa juu, kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana alipaswa kulala kidogo. Jirani yake, Mama Triza, akakubali kukaa naye kwa muda huku nyumba ya Jericho ikiandaliwa.

“Utalala chumba kimoja na Susu,” baba yake, Ndambuki, alimwambia Mutheu. Alikuwa dereva wa lori, na alfajiri ya kesho yake alikuwa na safari ya Mombasa. “Zile kuta zimechakaa. Tutazipaka rangi. Ukimpelekea uji kesho, mwulize anataka rangi gani. Yeye ndiye atakayeshinda humo.”

Mutheu alikwenda, akauliza. Susu hakufikiri sana.

“Iwe kama hii yangu,” alisema, akiugusa ukuta kwa kiganja. “Kijani cha kupoa. Nikiamka niione, nijue niko nyumbani.”

Mutheu aliitikia, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Wiki iliyopita alikuwa amemtembelea rafiki yake Lorine kule mtaa wa Lucky Summer, akaonyeshwa chumba kilichopakwa rangi ya machungwa kutoka chini hadi juu. “Umeona vile imebamba?” Lorine alimwuliza akijivunia uzuri wake, na tangu siku hiyo Mutheu hakuwaza kingine. Alikiona chumba chake mwenyewe kikiwa hivyo, na wasichana wa darasani wakija kukitazama. Kile kijani cha zamani alikipenda kikiwa Shauri Moyo. Katika chumba chake hakukitaka.

Baba aliporudi na kuuliza, Mutheu alijibu huku akifunga kamba za viatu, “Amesema rangi ya machungwa.”

“Susu? Machungwa?” Baba alicheka. “Haya. Kama ndiyo itakayomfurahisha.”

Fundi aliyeletwa alikuwa mama mmoja mrefu wa kutoka Bungoma, jina lake Nerima, ambaye duka lake la rangi lilikuwa pale sokoni Jericho. Alisimama katikati ya chumba akalitazama dirisha.

“Hili linapokea jua la mchana,” alisema. “Na atakayelala hapa ni mtu mzima anayetakiwa kupumzika. Rangi hii jua likiipiga itamwakia usoni. Kwa nini nisipake kipande kidogo kwanza, aje akione?”

“Hawezi kuja, mguu unamuuma,” Mutheu alijibu haraka. “Na ameshasema anaitaka.”

Nerima alimtazama kidogo, kisha akafungua kopo.

Susu aliletwa Jumatatu. Alisimama mlangoni akiegemea fimbo yake, akaziangalia zile kuta nne za machungwa kwa muda mrefu. Mutheu alingoja aulizwe. Susu alisema tu, “Pamependeza. Asanteni, wanangu,” akaenda kuketi kitandani.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo Mutheu aliyaona yaliyofuata kila siku kwa macho yake. Ilipogonga saa nane, jua liliingia dirishani na chumba kizima kikawa kama ndani ya jiko. Susu aligeukia ukutani, akageukia dirishani, akajifunika kitambaa usoni, mwishowe akaamka na kwenda kuketi sebuleni. Alisinzia akiwa ameketi, kidevu kikiangukia kifuani, akaamka na shingo ikimuuma. Wasichana waliokuja kukitazama chumba walikisifu, lakini Mutheu hakupata ile furaha aliyoitegemea. Ijumaa Susu alipelekwa kliniki, na presha ilikutwa imepanda zaidi.

Jumapili, baada ya kanisa, walikuwa mezani Susu aliposukuma sahani yake kando.

“Ndambuki, nirudishe Shauri Moyo. Ufunguo ninao na mwezi niliolipia kodi haujaisha. Mama Triza atakuwa akinitazama.”

Baba aliweka kijiko chini. “Mwaitu, tumekukosea wapi?” Ndivyo alivyomwita mama yake tangu utotoni.

“Hamjanikosea. Ni mimi tu. Siwezi kupumzika katika kile chumba. Hata nikifumba macho, ule wekundu nauona.”

“Lakini rangi uliichagua mwenyewe.”

“Mimi?” Mikono ya Susu ilitafuta ukingo wa meza. “Nakumbuka nikisema kijani. Kijani kama cha kwangu. Au nilidhani nimesema?” Sauti yake ilishuka. “Basi akili yangu imeanza kwenda. Dada yangu mkubwa alianza hivi hivi. Alisahau maneno aliyosema, halafu akawasahau watoto wake. Ndambuki, usinifiche, kuna mengine niliyosahau?”

Mutheu alikuwa amejiandaa kugombezwa kwa ajili ya ukuta. Hakuwahi kufikiri kwamba Susu angeweza kukaa pale akiiogopa akili yake mwenyewe.

“Susu, hukusahau,” alisema, na machozi yakaanza kumtoka. “Ulisema kijani. Mimi ndiye niliyemwambia Baba machungwa. Niliitaka mimi.”

Mama yake Mutheu alimtazama, kisha akatazama pembeni. Baba alikunja uso, akafungua mdomo, lakini Susu alimwinulia kiganja.

“Kwa hiyo nilisema kijani,” Susu alisema polepole.

“Ndiyo, Susu.”

“Nikaugusa ukuta?”

“Ndiyo. Kwa mkono wako huo.”

Susu alivuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baadaye ndipo Baba alipozungumza, na hakupaza sauti. “Likizo imebaki siku kumi. Utakwenda kwa Nerima, umweleze ulichofanya, na kazi yote ya kukirekebisha chumba utaifanya pamoja naye.”

Nerima alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea. “Twende tukaione hiyo kijani kwanza,” alisema.

Chumba cha Shauri Moyo kilikuwa kimebaki kitupu. Mahali palipokuwa na kitanda ukuta ulikuwa na kijani kizito zaidi, na pale Susu alipozoea kuegemea akisuka vikapu vyake vya vyondo palikuwa pamechakaa. Mutheu alisimama pale pale walipokuwa wakilala Jumamosi. Aliukumbuka mkono wa Susu begani mwake, harufu ya maharagwe na majani ya chai, sauti ya babu aliyoisikia katika hadithi tu. Alilia tena, safari hii bila kelele, naye Nerima akajifanya anapima dirisha.

Kwa siku tatu Mutheu alisugua kuta kwa msasa mpaka nywele zake zikawa na vumbi la machungwa. Kisha wakapaka tabaka mbili za rangi nyeupe. Nerima alichanganya kijani na nyeupe, akaongeza tone la nyeusi, wakapaka vipande vitatu vya ukubwa wa daftari. “Rangi usiihukumu kwenye kopo,” alimwambia. “Itazame asubuhi, itazame mchana, itazame taa ikiwashwa.”

Ndipo Susu alipoitwa kutoka sebuleni, alikokuwa akilala siku hizo, akaletewa kiti. Ajabu ni kwamba kile kipande kilichofanana kabisa na cha Shauri Moyo kilionekana cha baridi mno hapa, chini ya jua jingine. Susu alikitazama kwa huzuni kidogo.

“Ile ilikuwa ya nyumba ile,” alisema. Akaelekeza fimbo kwenye kipande cha mwisho, ambacho Nerima alikuwa amekitia manjano kidogo. “Hii ndiyo ya hapa. Wewe unaionaje, Mutheu? Chumba ni chako pia.”

Mutheu aliitazama vizuri kabla ya kujibu. “Imetulia. Ila ningependa mlango uwe wa machungwa. Upande wa nje.”

Susu alicheka mpaka akakohoa. “Mlango chukua. Ungesema hivyo tangu mwanzo, ungeupata siku ya kwanza.”

Kazi ilipokwisha na harufu ya rangi ikaisha, Susu alilala mchana, akalala kwelikweli, mpaka saa kumi. Wiki iliyofuata kliniki walisema presha imeanza kushuka. Alasiri hiyo alimwita Mutheu akae kando yake kitandani.

“Ukuta uliponinyima usingizi, niliweza kuuvumilia,” alimwambia. “Kilichotaka kuniangusha ni kudhani siwezi tena kuyaamini maneno yangu mwenyewe. Mtu akikutuma neno, amekukabidhi sauti yake. Ukiigeuza, hujui utakuwa umevunja nini. Nilikusamehe siku ile ile ya mezani, kwa sababu ulisema ukweli wakati ungeweza kukaa kimya nami nisingejua kamwe.” Alimpapasa kichwani, kisha akajiinua kidogo kwenye mto. “Sasa nenda umwambie mama yako chai ya leo isiwe na tangawizi.”

Mutheu aliipenda sana chai ya tangawizi. Alisimama, akaenda jikoni, na kumwambia mama yake kama alivyotumwa.