Chungu Kilichosogezwa kwa Mguu

Nilikuwepo. Asiyeamini aje aniulize mimi, maana ngazi niliishika kwa mikono hii, na bila mimi fundi Swalehe asingepanda hata banda la kuku.

Swalehe, mzaliwa wa Maore kule tambarare, alitoka Same mjini kuja kufunga intaneti kwenye nyumba ya Eliufoo kule Bombo. Alifunga vifaa vitano vinavyopokezana mawasiliano, hiki kinakipa kile, mpaka taa, kamera, spika na vitasa vyote vinatii simu. Eliufoo anakaa Dar, ila siku ile alikuja mwenyewe kusimamia kazi. Alitaka kumwangalia mama yake, Bi Honorata, kwenye simu badala ya kupanda mlima kumsalimia. Akili gani hiyo?

Swalehe akawasha. Simu ikaonyesha vifaa sita.

"Umefunga vingapi?" Eliufoo akafoka.

"Vitano, bosi."

"Hesabu tena, mpumbavu!"

Cha sita simu ilikionyesha kule msituni, kwenye jiwe la ukoo, yanapohifadhiwa mafuvu ya wazee ndani ya vyungu. Asubuhi ile tulikuwa tumefunga kimoja tu kati ya vile vitano juu ya jiwe hilo ili mawimbi yafike getini. Chungu kimoja kilizuia, na Eliufoo akakisogeza kwa mguu. Kwa mguu! Nilitamani kumzaba.

"Yule ni babu yako," Bi Honorata alimwambia. "Mrudishe kwa mikono, umwombe radhi."

"Mama, ni chungu tu. Sina muda na ushenzi."

Mama wa watu akaingia chumbani kwa hasira, akabamiza mlango. Kitasa kikajifunga. Swalehe akabonyeza simu mpaka kidole kikamuuma, wapi!

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Spika ya sebuleni ikakohoa. Ikaja harufu ya udongo mbichi na moshi wa zamani, kisha sauti ya mzee ikaanza kuwataja kwa Chasu, lugha ya Wapare, wajukuu wa ukoo ule, mmoja mmoja, walio hai na waliokwisha kufa, taratibu, kama mtu anayewagusa vichwa, na ilipofika kwa Eliufoo ikavuta pumzi, ikamruka, ikaendelea na mdogo wake.

Swalehe akazima umeme wa nyumba nzima. Sauti haikukatika.

"Bosi, hili jini," akanong'ona. "Nisome dua?"

"Jini pelekeni kwenu Maore!" Bi Honorata akajibu toka ndani. "Huyu ni baba mkwe wangu, na ana haki ya kukasirika. Eliufoo, nenda! Huku ndani kuna baridi, mwanangu, na si peke yangu."

Eliufoo akaenda pekupeku. Alikibeba chungu kwa mikono miwili, akakirudisha, akamimina pombe ya miwa, lakini radhi aliiomba akiwa ameuma meno, kama anatukana. Kitasa kikalia, mlango ukafunguka, Bi Honorata akatoka akimnyooshea kidole.

Haya, jambo moja nimelitunga mwenyewe, mengine yote ni kweli tupu. Mlango haukufunguka. Tuliuvunja kwa shoka. Dirisha lina nondo, kitanda kimetandikwa, na ndani hamkuwa na mtu.

Simu ya Eliufoo mpaka leo inamwonyesha mama yake ameketi kwenye kitanda kile, amempa mgongo.