Esteria na Njia ya Java

Siku ya gulio Lushoto, ukungu ukiwa bado umelalia mapaa ya mabati, Esteria alipigana kikumbo na mwanamume aliyekumbatia kitu kizito kilichoviringishwa blanketi. Plamu zikamwagika kutoka kwenye tenga lake, zikabingirika chini ya meza za mitumba.

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Na huyo mtoto wako mbona halii?" Esteria aliuliza, ameinama akiokota.

"Huyu halii mpaka umtie umeme."

Akafunua pembe ya blanketi. Kilikuwa kioo cha kompyuta. Esteria, katika sweta lake jekundu alilolifuma mwenyewe, akacheka hadi akasahau plamu.

Mwanamume huyo jina lake lilikuwa Alen, kijana wa Muheza, mrefu, koti la kaki likimpwaya mabegani. Biashara huria ilikuwa imeleta simu za mkononi na kompyuta hadi milimani, na usharika wa Kilutheri ulimwajiri afundishe jioni. Esteria alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Aliacha shule darasa la saba, akaishi kwa kupika jamu hadi utu uzima, ndipo akarudi kusoma kidato cha nne kwa masomo ya jioni. Sasa alitaka kazi moja tu: kufundisha darasa la kompyuta la asubuhi. Mchungaji alimwahidi ataipata akifaulu jaribio, yaani kuandaa Java, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na kuendesha programu aliyoiandika mwenyewe, mbele ya msahihishaji kutoka Tanga.

Mapenzi yaliingia kimya kimya, kama baridi ya Julai. Alen alimpigia simu kila usiku baada ya darasa, na Esteria alipanda hadi kwenye ukingo wa shamba ambako simu ilishika, akasikiliza akiitwa kipenzi huku meno yakigongana.

Juma la jaribio likafika. Esteria aliifungua Java kutoka kwenye CD, akaiweka katika folda yake, kisha, kwenye dirisha la kuandikia amri, akaiandikia mashine njia ya kufika huko. Alipouliza toleo la Java, mashine ikajibu. Akainamisha kichwa, akamshukuru Mungu pale pale kwenye kiti.

"Nikiifuta usiku," Alen akamnong'oneza, "si itabidi urudi kwangu tuanze upya?"

"Jaribu uone, mwalimu."

Kesho yake Esteria akaiwasha mashine. Akaandika yale yale. Mashine ikasema haiijui amri hiyo.

Alen alisema hakugusa kitu, na kwamba kanuni inamkataza mwalimu kuelekeza mwanafunzi juma la jaribio. Esteria hakumwamini.

"Mimi nimesoma kwa machozi, Alen. Wewe umenifanya mchezo."

Alen aliteremka Muheza kwa mama yake, maana walimu hawakuruhusiwa kuwapo siku ya jaribio. Alipiga simu tena na tena. Esteria aliiacha iite.

Asubuhi ya jaribio aliomba kwa maneno machache: Bwana, unifumbue macho. Akaiandikia mashine njia upya, Java ikajibu. Kisha, akitaka kuandika programu yake pembeni, akafungua dirisha la pili, na humo akauliza tena toleo. Haijulikani. Akarudi la kwanza: inajulikana. Mashine moja, saa ile ile, wala hakuna mkono wa mtu ulioigusa.

Akayatazama madirisha yote mawili. Kumbe maneno yake yalikuwa yanakufa pamoja na dirisha alimoyaandika. Java yenyewe ilikuwa imekaa mahali pake siku zote. Akalifungua faili ambalo Linux hulisoma kila dirisha jipya linapofunguka, akaiandika njia humo. Akazima mashine, akaiwasha. Java ikajibu. Akafungua dirisha jingine, ikajibu tena.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia msahihishaji alipomfikia.

"Marahaba, mwanangu. Haya, zima kila kitu, uanze."

Esteria akazima, akaanza, na programu yake ikapanga bei za kabichi na karoti kama alivyoiagiza. Mzee yule aliitikia kwa kichwa polepole, akamgeukia mchungaji na kumwambia kwamba darasa la asubuhi limeshapata mwalimu.

Esteria alipanda hadi kwenye ukingo wa mlima wa Irente, ambako simu ilishika, karibu kukimbia. Bonde lote la Mazinde lilikuwa limejaa jua. Alen aliipokea simu kabla haijaita sawasawa.

"Nimefaulu," Esteria alisema. "Na hukufuta kitu. Nilikuonea. Naomba unisamehe."

"Nilisamehe zamani. Ule mzaha wangu ulikuwa wa kijinga, kipenzi. Jumapili nakuja."

"Usije peke yako."

"Nije na nani, na polisi?"

"Njoo na mshenga. Mama nimeshamwambia asafishe sebule."

Upande wa pili ilisikika sauti ya Alen, mwanamume mzima, akimwita mama yake, huku simu ikiwa imemponyoka mkononi.