Vidonge Ndani ya Mswala

Kongowe ya Kibaha huamshwa na malori ya barabara ya Morogoro, lakini Ashrafu hata malori hayakumtosha. Alikuwa amesimama uani na ufagio mkononi, macho wazi, akili haipo. Vumbi jepesi lilipanda, jua la asubuhi likalipaka rangi, naye akalitazama linavyoelea mpaka akasahau kabisa kwamba alitumwa kufagia.

"Ashrafu! Unafagia au umelala wima?" mama yake, Salama, aliita kutoka barazani alikokuwa akishona.

"Nafagia, mama!"

"Mbona ufagio hausikiki?"

Bibi Kudra alicheka chumbani. Huyu alikuwa mama mzazi wa Salama, amekuja kutoka Vihingo, kule Kisarawe, kutibiwa presha. "Mwache mume wangu aote ndoto zake," alisema. "Mkewe ni mimi, na mimi sijalalamika."

Ndivyo walivyotaniana siku zote, bibi na mjukuu. Ashrafu alikuwa darasa la sita, lakini kwa Bibi Kudra alikuwa mume tangu siku aliyozaliwa. Alimpelekea maji ya kutawadha, kisha akakaa mlangoni kumngoja. Bibi aliposujudu, magoti yake yalilia ka! ka! na uso ukakunjamana kwa maumivu. Alipomaliza kuswali alimwita mjukuu wake, akafunua pembe ya mswala. Ndani mlikuwa na pakiti ya vidonge vya rangi ya chungwa, imebaki tupu.

"Vya magoti vimekwisha," Bibi alinong'ona. "Ukitoka shule pitia duka la dawa, uwaambie vilevile vya siku zote. Na mama yako?"

"Asijue."

"Wala daktari. Mume hatoi siri za mkewe nje."

Huko nyuma nesi mmoja alikuwa amemkataza vidonge hivyo, akamwambia havipatani na presha. Bibi aliitikia vizuri, akashukuru, na vidonge vikahamia kwenye mswala.

Shule zilipofungwa, Ashrafu alifuatana na mama na Bibi kliniki. Daktari Efrazia alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Bibi, akampima presha, akatikisa kichwa. Kisha akaweka kipimo cha kusikilizia juu ya tumbo la Bibi, karibu na kitovu. Alipoona jinsi Ashrafu alivyokodoa macho, akamvalisha masikioni.

"Sikiliza."

Vuu... vuu... vuu... Ilikuwa sauti laini, ya mbali, kama upepo unaopita kwenye ufa wa mlango. Ashrafu alifumba macho. Angeachiwa, angekaa na sauti ile mpaka jioni.

"Ni nini hiyo, daktari?"

"Ni damu inajipenyeza mahali pembamba. Mpira wa kumwagilia ukiubana kwa vidole, maji yanafanyaje?"

"Yanatoka kidogo, tena yanapiga kelele."

"Basi ndiyo hivyo. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya Bibi umekuwa mwembamba. Figo inapata damu kidogo, inadhani mwili mzima umepungukiwa, ndipo inaamuru presha ipande."

Daktari alimgeukia Salama. "Dawa tumeongeza na kuongeza, presha haishuki. Na vipimo vinaonyesha figo zinazidi kuchoka. Kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kutokea pajani ili kuutanua, wenzangu wa Dar es Salaam wanaona haitawezekana, kwa jinsi mishipa yake ilivyojipinda. Hali ikibaki hivi, watalazimika kumpasua."

"Upasuaji mkubwa?" Salama aliuliza.

"Mkubwa, dada yangu. Tumbo linafunguliwa, na mshipa mkuu unaotoka moyoni unabanwa kwa muda wakati wanaitengenezea damu njia mpya. Kwa umri wa Bibi, damu inaweza kupotea nyingi, moyo unaweza kushindwa, figo zenyewe zinaweza kugoma. Wengi wanapona. Lakini siwafichi, wapo wasioamka."

Salama aliuma pindo la mtandio wake. Daktari akamshika Bibi mkono. "Bibi, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia? Ya miti shamba, ya dukani, hata ya kichwa tu?"

"Hakuna, mwanangu. Ni hizi zenu tu."

Ashrafu alifungua mdomo. Bibi akamkonyeza, kama walivyozoea, naye akaufunga. Masikioni bado aliisikia ile sauti. Vuu... vuu...

Kabla ya safari ya Dar kwenda kupasuliwa, Bibi alitaka kwanza kwenda Vihingo kuomba radhi. Mtu anayekwenda kupasuliwa hawezi kuondoka hivihivi. Huwazungukia ndugu na majirani, akawaomba wamsamehe alipowakosea, nao wakamwombea dua. Basi Bibi alizunguka nyumba kwa nyumba, tena kwa mwendo wa haraka, na Ashrafu alijua vizuri nguvu ya magoti yale ilitoka wapi. Kila alipofika waliangua kilio, naye akawafuta machozi akiwatania.

Mchana ule ndugu walikaa kwenye mikeka kivulini mwa mikorosho, nje ya nyumba ya Mzee Twalibu, kaka yake Bibi. Ashrafu alijilaza chali. Upepo ulipita kwenye majani, vuu... vuu..., mwanga ukacheza usoni pake, akachukuliwa na usingizi wa mang'amung'amu. Aliota mpira mrefu wa maji ukipita katikati ya shamba. Daktari Efrazia alikuwa ameinama, anabandua vidole vilivyoubana. Akibandua kimoja, kingine kinabana. Ashrafu akasogea amwone huyo mkorofi mwenye vidole, akakuta ni vyake mwenyewe.

Alishtuka. Bibi alikuwa ameketi mbele yake.

"Mume wangu, nimekufikia wewe wa mwisho," Bibi alisema. "Kama nimekukosea, niwie radhi."

Watu wote walimtazama, wakingoja jibu ambalo kila mtu hulitoa.

"Siwezi," alisema Ashrafu.

"Astaghafirullahi!" Mzee Twalibu aliruka. "Salama, mwanao ana wazimu?"

Bibi alijaribu kucheka. "Jamani, mume kanuna. Unataka kuniacha uzeeni?"

Ashrafu hakucheka. Machozi yalikuwa yakimdondoka hadi kwenye mkeka. "Nitakuwia radhi ukimwambia daktari habari ya vile vidonge vya magoti. Alikuuliza, ukasema hakuna. Na mimi ndiye ninayevinunua, nikanyamaza. Bibi, ukipasuliwa usipoamka..."

"Vidonge gani?" Salama alisimama.

Uso wa Bibi ulibadilika. "Ashrafu! Unaniumbua mbele za watu?"

"Nikasirikie, Bibi. Nikasirikie hata mwaka mzima. Usife tu."

Hapo Bibi aliishiwa nguvu. Aliinama akafuta macho kwa kanga. "Bila vidonge vile magoti hayakunjiki," alisema polepole. "Nitamsujudia vipi Mola wangu nikiwa juu ya kiti, kama niko kwenye mkutano wa kijiji?"

"Kumbe ndilo hilo, dada?" Mzee Twalibu alisema. "Mimi tangu nivunjike nyonga naswali kwenye kiti. Mgonjwa ameruhusiwa. Kwa nini hukuniuliza?"

Waliporudi Kibaha, Bibi mwenyewe ndiye aliyeitoa pakiti akaiweka mezani kwa daktari. Daktari Efrazia aliigeuza, akashusha pumzi.

"Hivi vinaondoa maumivu, Bibi, sikatai. Lakini kwa mwenye mishipa ya figo iliyobana, vinainyima figo hata ile damu kidogo inayoipata. Tena vinapandisha presha. Kumbe mimi nilikuwa navuta huku, wewe unavuta kule!"

Akamwachisha vidonge vile siku hiyohiyo, akampa dawa nyingine ya magoti isiyoumiza figo, na mazoezi mepesi. Akawaomba wenzake wa Dar es Salaam wasubiri kwanza. Kila siku ya kliniki Ashrafu aliutazama mkono wa daktari ukibonyeza kimpira cha kipimo. Presha ilishuka kidogo, halafu ikashuka tena. Shule zilipofunguliwa, majibu ya figo nayo yalikuwa afadhali.

"Mshipa bado ni mwembamba, huo haujapona," Daktari Efrazia aliwaambia. "Bibi atameza dawa maisha yake yote na tutamwangalia. Ila kisu, madaktari wa Dar wamekubaliana, hakihitajiki sasa."

Salama alilia kwa furaha bila kuona haya. Daktari akamwita Ashrafu karibu.

"Kutunza siri ya unayempenda ni jambo jema," alimwambia. "Lakini siri ikimhatarishia mtu maisha, mwambie mkubwa, hata aliyekupa akikasirika. Sisi madaktari tunatibu tunachoambiwa. Tukifichwa nusu, hata dawa nzuri inakwenda upande. Na vidonge vya dukani usivinunue tena bila kuuliza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Alasiri ile, nyumbani, Ashrafu alitandika mswala na kuweka kiti nyuma yake. Bibi aliswali taratibu, uso wake umetulia, magoti kimya. Alipomaliza, Ashrafu aliukunja mswala. Hapakuwa na kitu ndani.

"Mume wangu," Bibi alisema, "kule Vihingo nilikuomba jambo mbele za watu, ukanikatalia. Nakuomba tena. Nilikutwisha mzigo usio wa umri wako. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, Bibi."

Alilisema neno hilo kwa sauti, likasikika mpaka barazani, na cherehani ya mama yake ikanyamaza.