Waya wa Gia ya Nyuma

Saa nne asubuhi, wauza mihogo wakipigana vikumbo na wachukuzi, mwanamume mmoja aliingia soko la Mtwara akiwa amebeba baiskeli begani kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa. Shati lake jeupe la mikono mirefu lilikuwa na mstari mweusi wa grisi kutoka kifuani hadi kiunoni. Watu walimpisha huku wakimcheka.

Alisimama mbele ya kibanda cha Abeid, fundi baiskeli, akaangaza macho. Chini ya turubai alikuwamo msichana mmoja tu, amekaa juu ya kigoda akiziba pancha. Dera lake la bluu alikuwa amelikunja likabaki juu ya suruali, na mtandio ameufungia nyuma ya shingo.

"Dada, habari za kazi. Fundi yuko wapi?"

"Yupo," alijibu Saumu bila kuinua uso.

"Wapi sasa?"

"Ndiye huyo unayemzibia mwanga."

Yule bwana akaruka pembeni, akacheka mpaka baiskeli ikamponyoka begani. "Makubwa! Nisamehe fundi. Naitwa Nuhu, nafanya kazi bandarini. Hii nimetoka nayo Tanga, na tangu nifike haijanibeba hata siku moja. Mimi ndiye ninayeibeba."

Saumu alikuwa mwoga wa watu. Mteja akimtazama sana, maneno yalimkimbia. Lakini baiskeli aliitazama bila woga. Ilikuwa ya mashindano, ya Kijapani, ya zamani, fremu nyembamba ya rangi ya chungwa iliyofifia, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Kwenye bomba la mshazari kulikuwa na vijiti viwili vya kubadilishia gia. Waya wa gia ya nyuma ulikuwa umekatika.

"Utaiweza?" Nuhu aliuliza.

"Niachie."

Alisema hivyo, lakini moyoni hakujua. Alikulia kwenye Finiksi, baiskeli zisizo na gia hata moja. Kwenye hii, waya ulitoka kwenye kijiti, ukaingia ndani ya bomba, ukapita chini ya pedali, ndipo ukatokea kwenye tundu dogo karibu na gurudumu la nyuma. Saumu aliusukuma waya mpya, ukaingia wote, tundu la pili haukulipata. Akautoa. Akausukuma tena. Ulimchoma kidole. Siku ya kwanza iliisha hivyo, na ya pili ikataka kuisha hivyo hivyo. Mwishowe alichukua mshipi mgumu wa kuvulia, akaupenyeza bombani, akaunasa upande wa pili kwa spoku aliyoipinda ncha. Akauunganisha na waya kwa gundi, akavuta polepole huku amebana pumzi. Waya ukatokeza.

Nuhu aliizungusha baiskeli sokoni mara tatu, gia zikiitikia moja baada ya nyingine. "Fundi wangu, umenipa miguu mipya! Nipe na namba ya simu. Ya ufundi tu, usiogope."

Jioni ile simu ikaita.

"Haloo fundi."

"Baiskeli imekuwaje?"

"Baiskeli nzima. Mwenyewe ndiye mgonjwa."

"Nenda hospitali."

"Nimeenda. Wameniambia dawa yangu iko sokoni, chini ya turubai."

Saumu alijiziba mdomo asisikike akicheka. Nyumba ya mjomba wake Abeid, alikoishi, ilikuwa na kuta nyembamba.

Kesho yake Nuhu alirudi, mnyororo unaning'inia. Waya ulikuwa umelegea. Saumu aliukaza. Keshokutwa ukalegea tena. Katika siku nane baiskeli ile ilirudi mara nne, na kila iliporudi mwenyewe alikuja anatabasamu, amenyoosha shati lake, ana vitumbua kwenye karatasi, akakaa kwenye benchi kupiga soga.

"Pole fundi. Hii baiskeli inakupenda, haitaki kukaa mbali."

"Mimi siipendi," Saumu alijibu, na safari hii hakuwa anatania.

Maana alikuwa amechoka. Alifungua, akapitisha upya, akakaza hadi nyuzi za waya zikaanza kuchanika. Alianza kuitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine, ya mtu mjinga. Wateja nao walikuwa na macho. Mwenye Finiksi aliyezoea kumwachia kazi siku hizi alisema, "Nitamsubiri Abeid mwenyewe."

Mjomba Abeid aliliona hilo. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Saumu, kazi inayorudi inafukuza kazi nyingine. Baiskeli ile ikirudi tena, Ijumaa ufungashe mizigo, urudi kwa mama yako Kitaya mkalime mpunga. Kigoda nitampa mtu mwingine."

"Mjomba, sijui kwa nini—"

"Ndiyo maana nasema."

Kilimo hakikuwa aibu. Lakini kigoda kile ndicho kitu pekee duniani ambacho Saumu alikipata kwa akili yake mwenyewe.

Nuhu alipoileta tena, Jumatano, mjomba hakuwapo. Saumu aliukaza waya, kisha akaenda kwa Aisha, jirani aliyekaanga mihogo, akaomba rangi ya kucha. Akachora mstari mwembamba mwekundu kuanzia kwenye nati inayobana waya hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizunguka yenyewe kidogo, mstari utasogea kidogo. Basi atajua kosa liko wapi.

Alhamisi Nuhu alirudi na vitumbua vyake. Saumu aliinama. Mstari ulikuwa umevunjika, nusu yake imeelekea upande mwingine kabisa, na kwenye pembe za nati rangi ilikuwa imekwanguliwa na chuma.

Akainua uso.

"Nuhu, una spana namba tisa?"

"Ya nini tena?"

"Nijibu."

Kicheko kikamfia Nuhu mdomoni. Polepole akaingiza mkono mfukoni, akaitoa.

"Saumu, mpenzi, sikuwa na nia mbaya. Nilikuita ufukweni Shangani tutembee jioni, ukasema una kazi. Nikakualika chai, una kazi. Nikaona heri basi mimi niwe hiyo kazi."

"Unajua mimi nimelala vipi siku hizi? Nimejiona sijui kitu! Kesho mjomba ananirudisha Kitaya kwa ajili ya waya huu!"

Nuhu alibadilika rangi. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, wewe mteja? Kwamba fundi wako hajui kazi? Ondoka. Chukua na spana yako."

Nuhu alimpigia simu mara sita jioni ile. Saumu aliitazama ikiita mpaka ikachoka.

Ijumaa baada ya swala, begi la Saumu likiwa tayari chini ya benchi, maana mjomba alisikia baiskeli imerudi na hakutaka maelezo, Nuhu aliingia akisukuma baiskeli. Hakuwa na vitumbua. Kibandani walikuwapo Mjomba Abeid na kanzu yake ya msikitini, Aisha, mwenye Finiksi na wapita njia.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kusema mbele ya watu. Waya nilikuwa naulegeza mimi mwenyewe, kwa spana hii. Binti hana kosa."

Mjomba alimtazama juu hadi chini, akacheka kidogo. "Kijana, unadhani mimi sikuwahi kupenda? Mwanamume akimtaka msichana, atakiri hata kuiba meli. Unamkinga tu."

"Wallahi mzee, nasema kweli!"

"Wote husema hivyo."

Saumu alilitazama begi lake. Uongo wa mtu huyu ulimharibia, sasa na ukweli wake haukufaa kitu. Akasimama. Sauti iliyomtoka hakuijua.

"Mjomba, sitaki anitetee. Panda."

"Nipande nini?"

"Baiskeli. Nenda Mikindani urudi. Huyu atakaa hapa na spana yake. Waya ukilegea, naondoka leo leo."

Hakungoja jibu. Aliutupa waya uliochanika, akakata mpya. Mshipi ukaingia bombani, spoku ikaunasa, waya ukafuata, ukapita chini ya pedali, ukatokeza nyuma. Akaikaza nati.

Mjomba hakuwa na pa kutokea. Alikunja kanzu kiunoni, akapanda, akayumba, Aisha akapiga kigelegele, na mzee akatokomea kwenye barabara ya lami.

Walimsubiri kwa muda wa karibu saa mbili. Nuhu alikaa pembeni ya benchi.

"Saumu."

"Usiniongeleshe."

"Neno moja tu."

"Umeshasema manne."

Akaiweka spana juu ya benchi. Mwishowe ni Saumu aliyesema, macho yakiwa barabarani. "Ungeniambia tu unanipenda. Ningeona haya, ningekaa kimya siku mbili, halafu ningekujibu."

"Niliogopa hizo siku mbili."

"Mimi umenitia hofu siku kumi."

Mjomba Abeid alitokea akiwa ameloa jasho, kofia imegeukia kisogoni. Alishuka, akanywa maji kikombe kizima. Kisha akaugusa waya kwa kidole. Ulikuwa umenyooka na kukaza vile vile.

"Kilima cha Mikindani," alisema, "nimekipanda nimekaa."

Watu wakapiga makofi. Mjomba akamgeukia mwenye Finiksi, akamwonyesha Saumu kwa kidevu. "Mpe fundi." Halafu akamgeukia Nuhu. "Na wewe, ukimtaka binti wa watu, njia yake ipo. Haipiti kwenye gia."

"Nimesikia mzee."

Nuhu aliushika usukani, lakini hakuondoka. "Umenisamehe?"

"Bado."

"Basi baiskeli imepona. Sina tena sababu ya kuja hapa."

"Huna," Saumu alikubali. Aliivuta Finiksi karibu, akaipindua magurudumu juu. "Kesho uje hivyo hivyo, bila sababu. Na uje kwa miguu."