Aliyeitikia Zamu ya Gicheru

Ng'ombe wa Wacera alivunja boma mara mbili wiki hiyo, na mara zote mbili alikutwa kwenye waya wa nguo akilamba nepi za mtoto. Watiri, mama mkwe, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu amechoka na majani, ati sasa anataka mavazi."

Wacera naye alicheka. Lakini alipoanua nepi aliziona ngumu, kavu kama ngozi, na alipoonja moja kwa ncha ya ulimi ilikuwa chumvi tupu, na alikuwa amezifua kwa maji ya mto, maji yanayotoka mlimani, na pale Tetu bahari ilijulikana kwa ramani ya shule tu.

Isipokuwa kwa mumewe. Mwaka huo wa 1976 Kingori alichaguliwa pamoja na Gicheru wa Othaya, aliyelala naye bweni moja sekondari, wakajifunze ubaharia kwenye merikebu ya matanga, milingoti mitatu, iliyoshindana na merikebu nyingine za vijana kuvuka Atlantiki. Waliondoka wawili, akarudi mmoja. Familia iliambiwa Gicheru alianguka baharini. Kingori hakuongeza neno, na sasa alikuwa na siku tisa nyumbani, akilala amekamata mguu wa kitanda kama kitanda kinaweza kupinduka.

Siku ya kumi, asubuhi, Wacera aliita kutoka jikoni, "Baba Theuri, chai iko tayari."

"Naja," Kingori akaitikia chumbani.

Wacera akamimina chai. Halafu akamwona Kingori akiingia langoni na mkebe wa maziwa mtupu, anatoka kupeleka maziwa barabarani, viatu vimejaa tope. Chumbani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu, ya samaki na kamba iliyooza.

Kingori aliposikia hayo alikaa chini kabla hajatafuta kiti.

"Limenifuata," alinong'ona.

"Nini imekufuata? Sema, usiniangalie hivyo, niko na mtoto hapa."

"Kule merikebuni, kila zamu ya usiku ikianza, tuliitana kwa namba gizani. Gicheru alikuwa saba, mimi nane. Alipenda usingizi, wewe unamjua. Nilikuwa namwitikia, kama tulivyoitikiana shuleni wakati wa kuitwa majina, mwalimu asijue nani hayuko. Usiku ule upepo ulikuwa mkali, tulikuwa wa pili kwenye mashindano, kila mtu anataka tumpite wa kwanza. Saba ikaitwa. Kimya. Nikajua amelala. Nikasema saba, halafu nikasema nane."

"Kumbe?"

"Kumbe alikuwa ameshaanguka majini. Na nani atamtafuta mtu ambaye ameitikia? Tulijua asubuhi, maili themanini mbele. Tukageuza. Bahari tupu."

Wacera alimvuta mtoto kifuani.

"Usiku uliofuata waliruka namba yake, ikaitikia yenyewe. Saba. Sauti yake, lakini imejaa maji. Baharia mmoja wa Lamu mle merikebuni akasema hilo ni jini, nimelifundisha kazi. Likimtaka mtu linamwitikia, ili asitafutwe. Usiku wa tatu likasema nane kabla sijafungua mdomo, na hapo hapo wimbi likanibeba. Nilikuwa nimefungwa kamba, ndiyo maana unaniona."

"Na mama yake Gicheru anajua ulimwitikia?"

"Hajui." Kingori akasukuma kikombe chake kando.

Alasiri ukungu ulishuka mpaka migomba haikuonekana. Kingori alikuwa anakata majani ya ng'ombe, Watiri yuko shambani akichuma majani chai, Theuri, miezi tisa, amelazwa chumbani. Wacera alikaa uani akichambua maharagwe.

"Theuri," akaita, kwa kuhakikisha tu. Chumbani mtoto akacheka kidogo. Wacera akaendelea kuchambua. Akaita tena, na mtoto akaguna, akakohoa kikohozi chenye maji, kisha akaanza kulia, na Wacera alikuwa ameshainuka, ameshaweka mguu kizingitini, maziwa yanamtoka kifuani kwa ile sauti, alipopigwa na harufu ya kamba iliyooza, na akaelewa, mwili mzima ukielewa kabla ya kichwa, kwamba kama mtoto analia kitandani basi mtoto hayuko kitandani, na akageuka, akaipa mgongo sauti ya mwanawe mwenyewe ikimlilia, akakimbia ndani ya ukungu hadi kwenye shimo la maji ya ng'ombe, na Theuri, aliyetambaa akatokea mlango wa nyuma, alikuwa hapo ukingoni, kimya, mkono mmoja umezama mpaka begani, akinyoosha wa pili.

Alimkamata mguu. Alimbana kifuani, mtoto mkimya kabisa, na huku ndani ya nyumba mtoto akaendelea kulia.

Walilala wote wanne jikoni, hakuna aliyemwita mwenzake. Kulipopambazuka Kingori alivaa koti. "Naenda Othaya. Mama yake lazima asikie kwangu kwamba nilimwitikia. Labda ikijulikana pale kwao kwamba aliyeitikia saba ni mimi, jini litaacha kuitikia."

"Labda?"

"Sijui lingine, Wacera. Nitavuka mto Gura kwa daraja la miguu, na jioni kabla ya kukamua nitakuwa hapa."

Saa ya kukamua ilifika, ikapita. Wacera alikamua mwenyewe. Giza lilianza kuingia na ukungu wake, Watiri akapakua githeri, akafunika sahani ya mwanawe. Kisha lango likalia. Wacera alisimama mlangoni, maneno yakamponyoka.

"Baba Theuri, ni wewe?"

"Ni mimi," Kingori akaitikia kutoka nyuma ya boma. "Nimefika."

"Asante Mungu," Watiri akasema, akafunua sahani.

Wacera alimfunga Theuri mgongoni, akakaza shuka mara mbili, akawasha taa. Utambi ukashika kwa njiti ya tatu.

"Sasa unaenda wapi? Si ameitikia?"

"Ndiyo maana naenda kumtafuta, Mama."

Akatoka kwa lango la mbele, bila kutazama boma, akashika njia ya kuteremkia Gura. Aliita jina la mumewe njia nzima hadi mtoni, na kila alipoita aliomba asijibiwe.